Nyumba Iliyopangiwa Tanuri

Aliye na haraka na ashike njia yake, kwa sababu habari za Mabuani hazisimuliwi kwa kusimama. Wala usiniulize Bi Mize alifikaje huko. Alifika. Wapo wasafiri watakaokupa kila mto na kila jiwe la njiani, lakini ukiwauliza waliona nini kule walikokwenda, wanaanza kujikuna kichwa. Mize hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa Bwejuu, umri umevuka hamsini, ulimi mkali na macho makali zaidi, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa moja: kufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, kuyaacha humo miezi mpaka yaoze vizuri, kisha kuyafukua na kuyaponda kwa gongo yatoe usumba wa kusokota kamba. Kazi hiyo inanuka na haina haraka. Ndiyo elimu aliyokwenda nayo Mabuani, na hakuwa na nyingine.

Kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi. Mapaa meupe, mbuzi weupe, nguo kwenye kamba zimekuwa za kijivu, na watu wote wanakohoa kwa adabu, mkono mdomoni. Mji wenyewe ulikuwa na mapengo. Nyumba tatu, kisha pengo, nyumba mbili, kisha pengo jingine, palipobaki sakafu tupu na mafiga. Mti hakuuona hata mmoja, hata wa kufungia mbuzi.

Desturi ya huko ni kwamba mgeni hulazwa katika nyumba iliyo karibu kubomolewa, ili nayo ipate heshima ya mwisho. Kwa hiyo Mize alipelekwa kwa mjane mmoja aitwaye Mashavu, aliyekuwa akiishi na bintiye Raya, mwenye mimba ya miezi minane. Nyumba ilikuwa nzuri, ya nguzo nene na boriti zilizonyooka, aliyoijenga marehemu mume wa Mashavu kwa mikono yake miwili. Kwenye mwimo wa mlango palikuwa na duara jekundu, na ndani ya duara imeandikwa: siku kumi na mbili.

"Ndiyo nini hii, shoga?" aliuliza Mize kabla hata hajatua mzigo.

"Zamu yetu," alisema Mashavu. "Siku kumi na mbili zimebaki, halafu nyumba inakwenda tanurini. Wamenipimia. Nguzo zangu zitakausha marundo kumi na moja ya mabua." Alisema hivyo kwa kujivuna, kidevu juu, na machozi yakamtoka papo hapo bila yeye kuyajali.

"Na nyie mtalala wapi?"

"Tutapewa shukrani," alisema Mashavu.

Mize alikaa chini. Aliomba maji, akanywa, akaomba aelezwe tangu mwanzo.

Mambo yalikuwa hivi. Mabuani walikuwa na mashamba ya mahindi na mtama yasiyo na mwisho, na mabua yakibaki shambani milima kwa milima. Miaka mingi nyuma, walipoona misitu yao inakatwa kwa kuni, wakubwa walikaa wakatunga sheria nzuri kabisa. Walijua kwamba ndani ya bua mna utamu uliofungiwa, na ukiutoa na kuuchachusha, utapata spiriti ya kuwashia jiko na taa. Basi ikaamriwa mabua yote yageuzwe spiriti, ili mti usikatwe tena. Sheria ikaitwa Sheria ya Kuuhurumia Msitu. Na ili mabua yageuzwe, lazima yasagwe, na ili yasagwe, lazima yakauke, na ili yakauke, matanuri yalihitaji kuni. Msitu ukaisha katika mwaka wa sita. Baada ya msitu zikaenda nyua, baada ya nyua vitanda, baada ya vitanda milango ya wasiokuwa na wageni wengi, na sasa ilikuwa zamu ya nyumba.

"Na spiriti mnapata?"

"Tunapata!" alisema Raya kutoka jikoni. "Mwaka jana tulijaza Taa ya Taifa. Iliwaka hotuba nzima."

"Taa ngapi?"

"Si nimekwambia, mama? Taa ya Taifa. Ni moja."

Asubuhi alikuja msimamizi wa kuni, bwana mmoja mrefu, mpole, jina lake Farjala. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu na kitambaa. Alifuta kumi na mbili, akaandika kumi na moja, akaomba radhi kwa kubisha hodi mapema, akamuuliza Raya kama miguu bado inamvimba. Ndivyo alivyofanya kila siku. Mize alitaka kumchukia, ikamshinda.

Farjala huyo ndiye aliyempeleka kuona kazi. Na kazi ilikuwa kubwa, usicheze! Mabua yaliletwa mabichi, yanadondosha maji, yakatandazwa juu ya matanuri na wanawake mia mbili wenye reki, wakiyageuza mpaka yakakamaa. Mize alitazama juu, jua limekaa linachoma utosi.

"Mbona hamyaaniki?"

"Jua haliko chini ya idara yoyote, Bi Mize," alieleza Farjala. "Likiharibu kazi, nani ataitwa?"

Kutoka matanurini mabua yalikwenda kwenye Kinu Kikuu, yakasagwa mara saba. Kila yakitoka, mkaguzi mwenye kanzu alichota unga kiganjani, akaupuliza. Ukibaki hata chembe kiganjani, rundo zima lilirudi kinuni. Ukiruka wote, umefaulu. Mize alimtazama yule mkaguzi akipuliza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, unga unapanda hewani, unatua juu ya mapaa, juu ya mbuzi, ndani ya vifua vya watu. Hakuna aliyeukusanya. Ule uliosalia magunini ulibebwa hadi ghala la tatu, la mitungi, na huko, macho ya Mize yakitaka kumtoka, ukamiminiwa maji.

Mize hakuweza kujizuia. Alirudi mbio kwenye matanuri, akasimama katikati ya wale wanawake wa reki, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na upepo wa pwani:

"Jamani! Kwa nini mnakausha kitu mnachokwenda kukilowesha?"

Wanawake mia mbili wakasimama. Reki zikabaki hewani. Moshi ulianza kutoka kwenye mabua yaliyokuwa hayageuzwi, na hakuna aliyegutuka. Walikuwa wanafikiri.

Hilo, Mabuani, ni kosa. Linaitwa kusimamisha kazi kwa swali. Adhabu yake ni kwamba muulizaji huitwa barazani alijibu swali lake mwenyewe, na akishindwa hutumikia Kinu mwaka mzima. Mize alipangiwa zamu ya siku iliyofuata.

Baraza lilikuwa na pande mbili. Upande wa kulia walikaa Wasaba, walioshikilia kwamba mabua yasagwe mara saba kama walivyoagiza waasisi. Upande wa kushoto walikaa Watisa, wanamageuzi, waliotaka yasagwe mara tisa. Walikuwa wamejadiliana jambo hilo miaka kumi na minne, kwa heshima na kwa ufasaha, na pande zote mbili zilikubaliana kwamba nchi imo katika shida kwa sababu ya upande mwingine. Katikati alikaa Mkuu wa Kinu, mzee safi, mwembamba, nyusi zimejaa unga.

"Bibi mgeni," alisema, "umeuliza kwa nini tunakausha. Tunakausha ili yasagike."

"Na mnasaga laini namna ile kwa nini, Mheshimiwa?"

"Ili yakinyweshwa maji, yanywe barabara."

"Lakini yalikuja na maji yake!" alisema Mize. "Mabua yamefika yameshiba maji, mkayatoa maji kwa moto, mkayasaga ili muyarudishie maji. Huko kwetu mtu akivua shati ili alivae tena, tunamuuliza kama ana homa."

Kisha Mtisa mmoja akasimama na kusema kwamba hoja ya mgeni inaonyesha wazi kuwa kusaga mara saba hakutoshi. Wakapiga makofi upande ule.

"Sasa wewe ungefanyaje?" Mkuu wa Kinu aliuliza, na Mize aliona kwamba mzee yule alitaka kujua kweli.

"Ningeyaozesha."

Lo! Hapo palichafuka. Kuoza, Mabuani, ni neno la chooni. Mabua yanyeshewayo na mvua kabla ya kufika tanurini hutupwa nyuma ya Kinu, kwenye lundo linaloitwa Jaa la Aibu, na mwenye shamba hutakiwa asilitazame akipita. Wasaba kwa Watisa walisimama pamoja, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, wakimzomea mwanamke wa watu.

"Nizomeeni," alisema Mize, na sasa alikuwa amekasirika kwelikweli. "Kumbi la nazi ni gumu kuliko bua lolote mlilonalo. Ukilipiga bichi, gongo linaruka na kumbi linakucheka. Ukilifukia kwenye maji na tope, kile kinachogandisha nyuzi kinalegea chenyewe, wewe umelala nyumbani kwako. Nasema nyumbani kwako, kwa sababu sisi nyumba tunazo! Kuna mwanamke kule ana mimba ya miezi minane, na nyie mnataka kumchomea paa ili mkaushe mabua ili mpate taa moja ya kuwashia hotuba ya kusifu mabua. Nipeni Jaa lenu hilo na mitungi kumi na wanawake kumi. Nikishindwa, nitasaga mpaka nife."

Mkuu wa Kinu alifikiri. Aliamua kwamba Mize apewe alichotaka, na siku ya mwisho ya nyumba ya Mashavu iwe ndiyo siku ya kuamua. Taa ya Taifa ikijaa, nyumba itasimama. Isipojaa, nyumba itabomolewa alasiri hiyo hiyo, na Mize ataanza kusaga.

Kwenye mwimo wa mlango siku hiyo palikuwa na kumi.

Jaa la Aibu lilikuwa refu kama ghala. Mize alipanda juu yake, akatia mkono mpaka begani, na uso wake ukafunguka. Ndani mlikuwa na joto. Mabua yalikuwa yamelegea, yamefunikwa ukungu mweupe mzito, na alipovuta moja likachanika kwa vidole viwili, nyuzi kwa nyuzi. Aliliweka ulimini. Lilikuwa na utamu kidogo, utamu wa mbali.

"Huu ukungu unakula bua na kuacha sukari," aliwaambia wanawake kumi aliopewa. "Kazi mnayojiua nayo kinuni, huu unaifanya bure. Jazeni mitungi, tieni maji, zikeni mitungi humu humu jaani ipate joto. Hayo ya chachu na mapovu mnayajua wenyewe, mimi najua kuozesha tu."

Siku zikaenda. Farjala aliandika tisa, nane, saba. Wanawake walitia chachu. Mize kila asubuhi aliweka sikio juu ya mtungi, na mtungi ulikuwa kimya. Siku ya saba kimya. Siku ya sita kimya, na maji yana ladha ya maji. Mashavu alikuwa ameanza kufunga vyombo. Hakumlaumu mtu. Alikuwa akifunga sahani moja moja kwa vitambaa, na Raya alikaa mlangoni ameegemea nguzo ya babake, mkono juu ya tumbo, haondoki hapo. Mize alipowaona hivyo alitamani ardhi impasukie. Alikuwa ametoka wapi, yeye mponda makumbi, kuwapa watu tumaini lisilo na miguu?

Alirudi kwenye jaa akawaketisha wale wanawake kumi.

"Hebu niambieni, mwanzo hadi mwisho. Mlitoa mabua jaani. Halafu?"

"Halafu tukayatia mtungini."

"Moja kwa moja?"

Walitazamana. Mkubwa wao akainamisha kichwa.

"Tuliyaosha kwanza, Bi Mize. Mara tatu. Tukayasugua kwa jivu. Tusingeweza kutia mtungini kitu kilichotoka Jaa la Aibu na utando ule mweupe, watu wangesemaje? Tulikuwa tunakusitiri."

Mize alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope, na wale wanawake wakaogopa kwamba amerukwa na akili.

"Mmemwosha mfanyakazi mkamtupa!" alisema alipopata pumzi. "Ule utando ndio unaofanya kazi! Oh, jamani, wanangu, nyie ni wasafi mpaka mnaua. Mwageni. Mwageni yote. Tunaanza upya, na atakayeosha bua nitamwosha yeye."

Walianza upya na siku sita mkononi. Mabua yenye ukungu wake yakaingia mitungini machafu kama yalivyokuwa, na wanawake wakiyatia wamegeuza nyuso kwa haya. Siku ya nne Mize alionja yale maji, na yalikuwa matamu kama maji ya muwa uliotafunwa. Wakatia chachu. Siku ya tatu alipoweka sikio alisikia kitu kinachokoroma. Aliita. Wanawake wote kumi walikuja wakalala kifudifudi juu ya Jaa la Aibu, sikio kwenye mitungi, matako juu, na wapita njia waliotakiwa wasitazame wakatazama.

Siku ya mwisho, saa mbili asubuhi, waliyakamua yale mabua ya mitungini wakapata maji ya kutia kwenye chungu cha kukenekea, chenye mrija wa kudondoshea spiriti. Hapo Farjala, ambaye alikuwa amekuja na watu wake na shoka zao kama kazi ilivyomtaka, aliuliza swali lenye haki.

"Mtachemsha kwa kuni gani, Bi Mize? Kuni za mji ni hii nyumba."

Mize alimwonyesha makapi yaliyobaki, meusi, magumu, yale ambayo ukungu haukuyataka. Waliyakanda yawe vimkate vyembamba, wakavitandaza juu ya paa la Mashavu, juani. Wajumbe wawili wa baraza walitaka kujua nani anasimamia jua. Hawakujibiwa. Adhuhuri vimkate vikawa vikavu kau, na vilipotiwa chini ya chungu vikawaka kwa moto mkali usio na moshi, hata vingine vikabaki havikutumika.

Mji mzima ulikuwa uwanjani mbele ya nyumba. Taa ya Taifa iliwekwa chini ya mrija. Tone la kwanza lilichukua muda mrefu sana kutoka, na katika muda huo hakuna aliyekohoa. Kisha likatoka. Likafuata jingine. Kisha yakawa uzi mwembamba uliong'aa, na Taa ya Taifa ikajaa mpaka shingoni, na uzi haukukatika. Mtu akapiga kelele, "Inamwagika!" Mashavu akaingia ndani mbio, akafungua kifurushi chake, akatoka na sufuria. Sufuria nayo ikajaa. Jirani akaleta birika.

Mkuu wa Kinu alichovya kidole, akakisogeza kwenye moto, na kidole chake kikawaka buluu. Alikitazama kikiwaka kabla ya kukumbuka kukizima.

"Imesagwa mara ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata mara moja, Mheshimiwa," alisema Mize.

Mzee alikaa kwenye kizingiti cha nyumba, mbele ya watu wote. Alijipangusa nyusi, na chini ya ule unga zilikuwa nyeusi bado. Kumbe hakuwa mzee hata kidogo.

Usidhani baraza lilinyamaza. Msaba mmoja alisimama pale pale akatangaza kwamba kwa heshima ya waasisi mabua yaoze siku saba. Mtisa akasema kwamba nchi inayotazama mbele haiwezi kuozesha chini ya tisa. Wakaanza, kwa ufasaha, na macho yao yaling'aa kwa furaha ya mjadala mpya. Mkuu wa Kinu akaamuru kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa mpaka jambo hilo limalizike, na kila mtu aliyekuwa uwanjani alijua kwamba halitamalizika, si katika uhai wao wala wa wajukuu wao. Ndipo watu walipopiga vigelegele. Mize, ambaye siku kumi nzima alikuwa akiwaombea wale wasemaji wapoteze sauti, alijikuta akiwapelekea maji ya kunywa.

Raya alibaki amekumbatia nguzo. Mashavu alizunguka nyumba yake mara mbili, akiigusa ukuta kwa ukuta, akisema maneno yasiyoeleweka, analia na kucheka pamoja. "Ipo," ndilo neno lililosikika. "Ipo, ipo, ipo." Mize alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu siku ya saba, akajikalia tu chini alipokuwa.

Watu walitawanyika na sufuria zao za spiriti. Wale wenye shoka walikwenda. Farjala alibaki peke yake uwanjani, kopo la rangi mkononi, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mashavu alimwambia aende kwake akapumzike, siku ilikuwa ndefu.

"Nitakwenda," alisema Farjala, lakini hakwenda. Alikuwa anautazama mlango. "Mimi yangu ilikuwa ya kwanza, Mama Raya. Nilitaka watu waone kwamba si jambo la kuogopa. Niliibomoa mwenyewe. Watoto waliimba." Alijaribu kutabasamu. "Ilikausha marundo tisa."

"Na tangu siku hiyo unalala wapi?" aliuliza Mize.

"Tanurini. Kuna joto."

Mashavu alilichukua lile kopo la rangi kutoka mkononi mwake, akaliweka chini taratibu, akamshika mkono yule mwanamume mrefu kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Inama," alimwambia, "mlango wetu mfupi."